Nguo za Mama Chola zikaguliwe na mtani wake

Jumapili, mwezi wa saba. Katuba.

Baridi ya leo imeamka na hasira. Asubuhi nimeshuka kwenye lori la Kipushi miguu imekufa ganzi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, shingo imekakamaa kwa kukaa juu ya magunia ya makaa. Nimepita barieri za askari nikiwa nimeshika baraka za Mungu mkononi na mfuko wa nguo chafu za mtoto kwenye mapaja. Naandika jua likiwa bado lipo, maana tangu Katanga ijiite nchi, giza likiingia kila mtu anajifungia kwake.

Mwili umechoka. Moyo unacheza ngoma.

Nimekuwa bibi, na kazi yangu haikufa.

Mtu mwenye adabu angeanza na mtoto. Lakini acha nianze na nguo, kwa sababu nguo ndizo zilizotaka kuninyima huyo mtoto.

Tangu mume wangu aende mbele ya haki, kazi yake ya dobi imekuwa kazi yangu. Iko hapa hapa katika lupango letu, yaani ua, nyuma ya nyumba: makarai, kamba, meza za pasi, na kibanda cha kupokea wateja kando ya mlango. Mama Chola ndiye anayefua na kuanika, alikuwapo hata kabla sijaolewa. Mumba anapiga pasi, naye ameoa binti ya Mama Chola. Mwansa, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, alikuwa anakaa pembeni akishona vifungo. Ilunga, kijana aliyezaliwa na watu wa Kasai na kusomeshwa na mapadri, anapokea wateja, anakunja nguo na kuzipeleka kwa baiskeli. Na mimi? Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kila mmoja wao.

Mama, sabuni. Mama, makaa yamelowana. Mama, hii shati ni ya nani. Mama, upepo umegeuka. Huo upepo ndio ulikuwa unaniua. Hapa kwetu ukigeuka tu, moshi wa shimine ya kiwanda unashuka juu ya mashuka kama mtu anamwaga pilipili nyeusi. Wanne wanaona moshi unakuja, wanne wanasimama wakiniangalia mimi, na mimi niko chooni. Ufunguo wa stoo nilikuwa nimeuvaa shingoni, nikisali nao, nikilala nao. Nilikuwa nahangaika kama kuku anayetaka kutaga, halafu nikijisifu kwa majirani kwamba bila mimi pale hapaendi kitu.

Kujisifu gani huko. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Hapo ndipo Amina, mwanangu wa pekee, aliposhika mimba yake ya kwanza huko Kipushi alikoolewa. Kwetu sisi watu tuliotoka Maniema, mimba ya kwanza mama mzazi anakuwapo. Anamshika mwanawe mgongo, anapokea mtoto, anamwogesha kwa mkono wake. Nikamwahidi nitakuja mwezi wa nne kumwona. Sikwenda. Nikamwahidi wa tano. Nikafika asubuhi, nikaondoka kabla ya chakula, kwa sababu nilikuwa nimeacha mashuka kwenye maji. Ndipo akanitumia neno kwa mdomo wa mume wake, Saidi, ambaye alilisema akiangalia chini, maskini, kwa kuniheshimu mimi mkwewe.

"Amina anasema bantu ba kwetu banamuulizaka kama eko na mama."

Hilo neno lilinichoma. Nilimpa Saidi chai, nikamwuliza habari za kazi, nikamsindikiza mpaka barabarani, na nilipogeuka nikakuta Mumba ananisubiri na pasi mkononi, anataka kujua makaa yako wapi.

Sitasema kwamba sikuwa nimejaribu kupunguza mzigo. Nilijaribu, na nikaharibu vizuri kabisa. Shemeji yangu Rashidi, mdogo wa marehemu, ni karani katika ofisi moja mjini. Kabla ya Pasaka alinikuta nimesinzia huku nimesimama, mgongo kwenye nguzo ya kamba. Akanihurumia. Akaniambia huko kwao kila kazi inapita mikononi mwa mtu wa pili kabla haijatoka, na yule wa pili anaangalia makosa ya wa kwanza, kwa hiyo mkubwa halazimiki kuangalia kila kitu. Neno zuri, na mpaka leo nasema ni neno zuri. Nikawaita wote. Nikawaambia: Mama Chola akimaliza, Mumba ataangalia kabla ya kupiga pasi. Mumba akimaliza, Ilunga ataangalia kabla ya kukunja. Wakaitikia vizuri. Nikalala usingizi mzito wiki nzima.

Wiki hiyo tulikuwa na kanzu nyeupe za kwaya moja ya parokia, za kuimbia Pasaka.

Nguo nyeupe kwenye maji ya mwisho tunatia rangi ya buluu, kidogo tu, ndiyo inayofanya weupe ung'ae. Macho ya Mama Chola yameanza kuwa na ukungu, na yeye hataki kusikia habari hizo. Alitia buluu, akaona haijatosha, akaongeza, akaongeza tena. Kanzu zikatoka zimefanana na mbingu ya mwezi wa nane. Mumba akazipokea. Akaziona. Ana macho mazima huyu, anaona inzi kwenye ukuta wa jirani. Akazipiga pasi moja moja, zote, kwa ufundi wake wote, mikunjo imenyooka kama imechorwa. Ilunga naye akajiambia kama Mumba amepitisha, basi padri ndiye aliyetaka buluu. Akakunja, akapeleka. Siku ya Pasaka kwaya ikasimama mbele ya watu ikiwa na rangi ya anga, na mimi Mwislamu nikawa gumzo la kanisa.

Nilimwita Mumba kando, nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mama, ni mama-mukwe yangu. Nitamuambia namna gani kama buluu iko mingi?"

Mjinga alikuwa mimi. Hawa wawili mwaka mzima nawaona wanavyoishi: Mama Chola akileta beseni, analiacha juu ya jiwe na kugeuka, Mumba anasubiri ageuke, ndipo analichukua. Wanaanika shuka katikati yao wakati wa kula ili wasitazamane mdomoni. Akitaka chumvi, Mumba anaomba kwa Ilunga, Ilunga anaomba kwangu, mimi namwomba Mama Chola. Na mtu huyo ndiye niliyemweka awe mkaguzi wa mama mkwe wake. Rashidi hakujua, ofisini kwao hakuna mkwe wa mtu. Mimi nilijua, na bado nikafanya.

Lakini jibu la Mumba lilinifumbua jicho moja. Nilianza kujichunguza: siku nzima nafanya nini hasa? Si kufua. Si kupiga pasi. Nilikuwa nabeba maneno. Mumba anaona doa, hawezi kumwambia mkwe, ananiambia mimi. Mama Chola anaona shati limeungua, hawezi kumgombeza mkwe, ananiambia mimi. Ilunga anaona yote, lakini siku hizi, jinsi Katanga inavyowashuku watu wa Kasai, anapima kila neno kabla ya kulitoa, basi anakohoa mbele yangu mpaka nimwulize. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichonivunja mgongo ni midomo ya watu wanne, yote imewekwa kwangu.

Na dawa yake niliipata kwenye kilio.

Mjomba wa Mwansa alikufa mwezi wa tano, tukafunga kazi tukaenda kukaa na wafiwa. Mwansa ni wa ukoo wa Chui. Mama Chola ni wa ukoo wa Mbuzi. Kwa watu wao, chui na mbuzi ni watani: wanazikana, wanatukanana, na tusi la mtani halitiwi moyoni, hata kwenye msiba. Mama Chola aliingia pale akiwa amejifunga mkeka kiunoni, akasimama mbele ya maiti na kumwambia leo ameshiba mbuzi wa watu, alale basi, atuachie tupumue. Wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka. Mimi nikajua hiyo ndiyo desturi, sikushtuka. Nilichoshtukia ni jibu la Mwansa.

"Nyamaza weye mbuzi kipofu. Nguo unafulaka zinatoka chafu kupita vile ziliingia. Hata kwaya uliipaka buluu."

Nikashika kifua. Neno ambalo wiki nyingi watu wawili na mwenye kazi tulishindwa kulisema, hilo hapo limetupwa hadharani mbele ya ukoo mzima. Nikamwangalia Mama Chola usoni. Alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Akafuta macho, akasema, "Kweli kabisa, buluu ilinikimbia," kisha akamtukana Mwansa pua yake.

Mimi niliyetoka Maniema sina chui wala mbuzi. Nilikaa kwenye ule mkeka wa kilio, wenzangu wanaomboleza, na mimi nimejifunika kanga usoni nikicheka peke yangu. Mungu anisamehe. Watu walidhani nina uchungu mwingi.

Tuliporudi kazini nikapanga upya. Nilimtoa Mwansa na vifungo vyake pale pembeni, nikamweka chini ya kamba, katikati ya Mama Chola na Mumba. Nguo ikitoka kwenye maji, Mwansa ndiye wa kuisema. Na akasema, jamani. Siku ya kwanza alirudisha karai zima na matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama Chola alizifua tena akiimba. Kuanzia hapo Mama Chola mwenyewe, kabla ya kutia buluu, anamwita chui aje atazame maji, na chui anakuja akinung'unika.

Kwa Ilunga sikupata shida. Mama Chola kwa umri ni bibi yake, na bibi na mjukuu nao ni watani tangu dunia iumbwe. Alishazoea kumwita "bwana yangu mudogo". Nikamwambia basi kazi ya bwana yake aikague yeye. Sasa Ilunga akikunja shati ovyo, Mama Chola anatangaza kwa sauti kwamba amechoka na ndoa hii, mwanamume hajui hata kukunja.

Mumba na Ilunga walinitesa. Hakuna ukoo unaowaunganisha, na huyu ni mwenyeji, yule ni wa Kasai, na siku hizi huo si utani, mtu anaweza kufia hapo. Nikakaa nao nikiogopa. Wao wenyewe wakanitoa wasiwasi: mpira. Kumbe mmoja anashangilia timu hii na mwingine timu ile, na kila Jumatatu wanatukanana mpaka makaa yanazimika. Sikuwa nimesikiliza hata siku moja. Basi nikasema Ilunga amkague Mumba kwa jina la timu yake. Kola ikibaki na mkunjo, Ilunga anasema kola hiyo imecheza kama golikipa wenu. Mumba anauma meno na kurudia. Mungu aulinde utani huo wa mpira, maana ndio pekee tulionao wa kuwaweka pamoja.

Mwisho nikavua ufunguo. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilipigilia msumari kwenye nguzo ya stoo, nikauning'iniza ufunguo pale, nikatangaza: anayehitaji sabuni achukue, na upepo ukigeuka, wa kwanza kuuona ndiye wa kupiga kelele na kuanza kuanua, asiniite. Usiku nilikuwa napapasa shingo nikitafuta kamba yake.

Kwa wiki kadhaa mambo yakaenda vizuri, lakini mimi nikiwa pale. Mtu anaweza kutembea vizuri huku ameshikwa mkono. Sikujua kama wangetembea peke yao.

Jumatano iliyopita nikalazimika kujua.

Tulikuwa tumepokea kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupokea: familia moja inamaliza kilio cha baba yao, na ukoo wote unavaa nyeupe leo Jumapili kuvua msiba. Mashati, magauni, vitambaa vya meza, hata nguo za vichanga. Yote yafike kwao Jumamosi kabla ya jioni. Ukiiharibu siku ya watu ya kuvua msiba, usitafute tena mteja Katuba. Asubuhi ndiyo tumeanza kuloweka, Saidi akatokea mlangoni. Uchungu wa Amina umeanza.

Nilisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilianza kuwaambia: nyeupe zitengwe, buluu iwe kidogo, vitambaa vizito viende kwanza. Mwansa akanikatiza akiwa na mikono mpaka kwenye viwiko kwenye sabuni.

"Mama, kwenda. Mutoto haangojeaka nguo."

Nikaenda. Njiani sikumwaza Amina peke yake, nakiri hapa ambapo hakuna atakayesoma. Kwenye kila barieri askari wakiuliza nakwenda wapi, kinywa kilisema kuzalisha mwanangu, na kichwa kilisema mashuka, mashuka, mashuka.

Nilifika akiwa amelala upande, amekamata chuma cha kitanda. Mama wa Saidi na dada zake walikuwa wamejaa chumbani. Amina aliponiona alinyoosha mkono tu. Nikakaa nyuma yake nikamshika mgongo, na kuanzia hapo, wallahi, sikukumbuka sabuni wala makaa. Mtoto alikuja alfajiri. Msichana, mweusi wa kupendeza, na kilio cha mtu mwenye madai yake. Nikamwogesha kwa mkono wangu mwenyewe. Mama wa Saidi akanishikia maji. Amina akasema ataitwa Zaina, jina langu mimi, na mimi nikajifanya nimeingiwa na sabuni machoni.

Tangu wakati huo ameshanikojolea na kunivuta pete ya pua. Huyo ndiye mtani wangu.

Basi leo asubuhi nashuka kwenye lori. Siku yenyewe ya kuvua msiba imefika. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta watu mlangoni wananisubiri kwa fimbo. Nikaingia lupango. Kamba tupu. Makarai yameinamishwa. Jumapili ni siku yao ya kupumzika, lakini wote wanne walikuwa wamekaa juani, wamefika mapema kutaka habari za mtoto, wanakula mihogo ya kuchoma, shuka la Mama Chola na Mumba limening'inia katikati yao kama kawaida.

"Ni bibi ao bwana?" Mama Chola akauliza. Nikamwambia ni bibi, ni Zaina. Akapiga vigelegele peke yake, wengine wakafuata.

Halafu ndipo nikauliza habari za nguo, na wote wanne wakaanza kusema pamoja.

Alhamisi upepo uligeuka. Aliyeuona wa kwanza ni Mumba, na kwa kuwa hawezi kumpigia kelele mkwe wake, alipigia kelele anga. Wote wakaanua. Masizi yakakuta kamba wazi. Ijumaa Mwansa alirudisha vitambaa vya meza mara mbili, na mara ya pili Mama Chola alimwambia anatamani chui wote wafe njaa, kisha akavifua tena. Ilunga alirudisha gauni moja lililokuwa na alama ya pasi kwenye pindo. Mumba alikesha analitia limau na chumvi mpaka alama ikatoka, huku akiambiwa habari za golikipa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la kuniletea. Yalisemwa yote, yakaisha.

Lakini jambo kubwa lilitokea Jumamosi, na hilo sikulipanga mimi. Singeweza.

Kwenda kwa ile familia lazima upite barieri. Ilunga siku hizi anapita njia za nyuma, lakini kwa mizigo ile njia za nyuma hazipitiki, ilibidi mkokoteni na barabara kubwa. Alikuwa ameshaufunga mkokoteni, amekaa juu ya jiwe, haondoki. Mama Chola akaona. Akachukua kanga yake, akasema mkaguzi hawezi kuacha kazi ikipotelea njiani, akaenda naye. Kwenye barieri basoda, yaani askari, wakamsimamisha Ilunga. Wakamwuliza jina. Akasema Ilunga. Wakamwuliza ni Ilunga wa wapi, maana jina hilo wanalo watu wa Katanga na wa Kasai pia. Ilunga anasema karatasi zilikuwa mfukoni lakini mkono haukukubali kwenda mfukoni.

Mama Chola akamweka mkono begani.

"Batoto yangu, munataka nini na bwana yangu? Nimemungojea hata akomae, sasa munataka kunifanya mujane?"

Askari mmoja akamwambia mama, bwana huyu ni mudogo sana kwako.

"Ndio vile ninabapendaka. Bakubwa banakoromaka."

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akaegemea kile chuma cha barieri na kikainuka. Wakapita. Mama Chola hakuutoa mkono begani mwa Ilunga mpaka nguo za mwisho zilipopokelewa, na wakati wa kurudi alimgombeza njia nzima kwamba alifunga mkokoteni kama mtu anayefunga kuku.

Ilunga alinisimulia hayo akicheka. Alipomaliza aligeukia ukutani. Mumba akamvunjia kipande cha muhogo akakiweka kwenye goti lake.

Ile familia wameleta salamu asubuhi hii kabla ya kwenda makaburini. Nyeupe imekuwa nyeupe. Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee walisema, na mimi miaka yote nilikuwa natembea na kidole kimoja nikijiita mkono.

Kwa furaha nikashika pasi. Kulikuwa na shati moja la mteja limebaki kwenye meza, nikajiambia niwaonyeshe kwamba mwenye kazi bado yumo. Nikalipiga. Nikalitundika. Mwansa akalitazama, akalitoa, akalirudisha mezani.

"Mukono wa kushoto haujanyooka, Mama."

Mwansa si mtani wangu kwa ukoo wowote. Nikahisi damu inapanda, kwa sababu hasira zangu zinajulikana mtaa mzima. Nikalitazama shati. Mkono wa kushoto haukuwa umenyooka. Nikalirudia, na Mama Chola akasema nimeshakuwa bibi, sasa kila mtu ni mjukuu wangu na anaweza kunisema. Tukacheka, na mimi nilicheka kweli.

Nikawaambia kesho narudi Kipushi. Jina la mtoto linatangazwa siku ya saba, halafu nitakaa mpaka Amina amalize arobaini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali: nani atafanya hiki, nani atafanya kile. Nilikuwa na majibu. Mumba akaendelea kutikisa makaa. Ilunga akauliza kama lori la asubuhi au la mchana. Mwansa akasema niwaachie sanduku la vifungo wazi.

Hakuna aliyeniuliza narudi lini.

Nimeingia chumbani, nikalia kidogo. Ni furaha, lakini si furaha tupu. Mtu akizoea kuitwa kila dakika, kimya kinamwasha masikio. Nimetoa jasho miezi hii yote ili wasinihitaji, wamefanikiwa, na roho yangu ya kibinadamu inataka mmoja tu aje agonge mlango aulize sabuni iko wapi. Hakuna anayekuja. Nawasikia huko nje wanatukanana vizuri.

Nimefunga kanga mbili, mafuta ya nazi, na ile sabuni laini ya kuogeshea. Kesho kamba zangu zitajaa nguo za watu na mimi nitakuwa nimenyoosha miguu mkekani kwa mwanangu. Na watu wa kwa Saidi wakimwuliza Amina kama ana mama, nitakuwapo, nitaitika mwenyewe.